Chafya ya Marehemu

Nilimuua mama yangu saa tatu asubuhi kwa kidole kimoja. Saa tatu na dakika nne akapiga chafya.

Sisemi hivi ili ushtuke. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu katika mji wetu mambo makubwa hayana mlango mwingine wa kuingilia ila kidole. Mji wenyewe siutaji jina. Ulikuwa nalo zamani, likabandikwa Ukutani pamoja na majina mengine yote, na tangu hapo kila mtu hulisoma kivyake. Ukuta ndio mji. Unaanzia pale watu wanapozaliwa na hakuna aliyefika unapoishia; unang'aa mchana kutwa kama bati jipya, na kila mmoja wetu amekatiwa sehemu yake ya kujionyesha. Unaamka, unanawa uso, unauweka uso Ukutani. Wengine hawanawi. Usipoonekana siku tatu watu huanza kukuulizia kwa sauti ya chini. Usipoonekana siku saba hawaulizi tena, na mwenye duka hukupimia sukari huku akitazama juu ya bega lako, akimtafuta mteja.

Mimi nilionekana. Nilikuwa naitwa Arafa, na wakati ule watu elfu arobaini walikuwa wakinifuata pasipo mimi kwenda popote. Nilikuwa nakula kwa niaba yao. Sahani haikufika kinywani mwangu kabla haijafika machoni mwao, na chakula kikipoa wao walishiba. Nilivaa vya kuletewa: marashi, kope za kubandika, kucha za kubandika, mabuibui yenye nakshi ambayo hayajapata kuona jua. Maboksi yalijaa chumbani mpaka tukahamishia kitanda cha mama ukumbini. Niliswali pia, usinidhanie vibaya. Ila nilipotandika mswala nilitazama kwanza kibla kiko wapi, kisha nikatazama mwanga uko wapi, na mara nyingine mwanga ulishinda. Ijumaa nilijifunga kanga za mama na kuwaeleza watu misemo yake, wakaniita binti wa mila. Kwa hiyo dini ninayo, mila ninazo, vitu ndiyo usiseme. Ungeniuliza mimi ni nani nisingekujibu. Ningekuonyesha.

Sasa sikiliza desturi yetu, maana ndiyo iliyoniponza. Mtu akifa kwetu, wa kwanza kuiweka tanzia Ukutani ndiye anayehesabiwa kuwa wa karibu. Yeye ndiye hupewa pole, yeye hukaa kichwani mwa jamvi, yeye hulia kwa niaba ya ukoo. Wa pili huhesabiwa jirani. Wa tatu ni mpita njia, hata kama alitoka tumboni mwa marehemu. Basi kila mwenye mgonjwa huwa na tanzia yake tayari, imeandikwa na kutiwa picha, imewekwa kando kama watu wa zamani walivyokuwa wakiweka sanda sandukuni. Yangu ilikuwa nzuri. Niliifanyia kazi siku mbili. Nilichagua picha ambayo mama ametazama pembeni, kana kwamba ameitwa na mtu.

Mama yangu, Bi Mwanakheri binti Shaame, alikuwa anaugua kwa siku ya saba. Asubuhi ile pumzi zake zilikuwa zinakuja kwa kujivuta, moja, kisha unangoja, kisha nyingine. Mara binamu yangu Mwanahawa akaniandikia: "Vipi hali ya mama mkubwa?" Nilikuwa nalijua swali hilo. Ni swali la mtu aliyekwisha weka kidole tayari. Nikamtazama mama, kifua kimetulia. Nikahesabu mpaka saba. Sikumgusa, sikumwita, sikumwekea hata kiganja puani. Nilimwona Mwanahawa amekaa kichwani mwa jamvi, analia machozi yangu, nikabonyeza.

Pole zikamiminika. Nilikuwa natafuta pa kuanzia kulia ndipo akapiga chafya.

"Alhamdulillahi," akasema mama, akafungua macho. "Arafa, kuna uji?"

Nilijaribu kuirudisha. Wallahi nilijaribu mpaka kucha mbili zikabanduka. Lakini Ukuta haurudishi kilichokwisha itikiwa amina, na amina zilikuwa zimefika elfu tisa na zinapanda. Jua nalo likaanza kupanda pamoja nazo, haraka haraka, kama linasukumwa. Tanzia yangu ilisema mazishi ni baada ya adhuhuri. Jua likafika utosini, vivuli vikaingia chini ya nyayo, na hapo likasimama. Halikwenda mbele wala nyuma. Lilikuwa linamngoja mama.

Wa kwanza kufika alikuwa Bi Saumu, jirani wa mlango wa pili, ambaye katika mtaa wetu hakuna matanga bila yeye. Anajua sufuria ipi inatosha watu wangapi na bega la nani linabeba vizuri jeneza. Nyuma yake walikuja wanawake na majamvi, wanaume na mabenchi, mtu wa ubani, na waoshaji watatu na ndoo zao. Bi Saumu alinikumbatia akalia machozi ya kweli, akaniachia, akamwona mama amekaa kitandani na bakuli la uji.

"Shikamoo, marehemu," akasema kwa adabu.

"Marahaba, Saumu. Mbona mmejaa hivi? Nani kafa?"

"Ni wewe, Bi Mwanakheri."

Mama akameza uji uliokuwa kinywani. "Saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Saa tatu mimi nilikuwa nimelala."

"Ndivyo inavyokuwaga," Bi Saumu akamwambia kwa upole. "Mwenyewe huwa hana habari. Hebu sogeza miguu kidogo, marehemu, tutandike."

Mama akasogeza miguu. Majamvi yakatandikwa, juzuu zikagawiwa, sauti zikaanza kupanda ukumbini, na mama naye akaitikia palipohitaji kuitikiwa, maana hakuzoea kusikia dua akanyamaza. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Walimpepea. Walimuuliza kama ubani unamkera. Lakini kila aliyetaka kujua habari zake alitazama Ukutani, akazisoma pale, akasikitika, na macho yalipomrudia yalimpita kama yanavyopita mto wa kitanda. Wakati huo ndipo nilipoogopa. Nilidhani kosa langu litachekwa. Sikudhani litaaminiwa mbele ya mwenyewe.

Saa ileile isiyosogea akaingia Msajili. Aliitwa Bwana Faki, mtu mpole wa makamo, kanzu nyeupe, kalamu sikioni, na mkononi kibao cha kioo ambacho ndani yake Ukuta mzima ulikuwa umejikunja.

"Bi Arafa, tanzia hii ni yako?"

"Ni yangu, Bwana Faki, na nimekosea. Mama yu hai. Si huyo unamwona anakunywa uji?"

"Kumwona namwona," akasema. "Lakini mimi sikutumwa kuona. Nimetumwa kuandika."

"Basi andika kuwa hajafa!"

Akavuta benchi akakaa, akanieleza taratibu, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia ya sokoni. Kwa sheria ya Ukuta, alisema, mtu ni yale yanayojulikana juu yake. Yakishajulikana yote na watu wakaitikia amina, mtu huyo amekwisha. Kunywa uji hakubadilishi kitu. Njia ya kumrudisha ni moja. Aliyemtangaza asimame mbele ya jamvi na ataje jambo moja la marehemu ambalo Ukuta haunalo. "Likipatikana hata moja, kumbe kuna kilichobaki. Na mtu aliyebakiza kitu hatumziki. Una muda mpaka wale waoshaji wamalize kutwanga mkunazi na kuchanganya maji."

Jambo moja tu! Nilikaribia kucheka. Nimeishi na mama miaka thelathini na minne.

"Anapenda muhogo wa nazi uliolala," nikasema.

Bwana Faki akainamia kibao. "Upo. Mwezi wa Mfungo Sita, mwaka juzi. Uliwapendeza watu elfu tatu."

"Ana kovu la maziwa ya moto kwenye kiwiko."

"Lipo. Uliliweka na kinanda kinalia kwa nyuma."

"Baba alipofariki hakulia mbele za watu. Alikwenda kulilia jikoni."

"Lipo pia." Akasita kidogo, nadhani kwa huruma. "Ulikuwa umesimama mlangoni. Anaonekana mgongo."

"Dua zake, basi. Dua anazoniombea."

"Ziko mia mbili na kumi na saba. Nyingine ameinua mikono hajaanza kuomba, anangoja. Ulimwambia asubiri wingu lipite."

Uani mchi ulikuwa unatwanga. Nikataja usingizi wake, nikataja kikohozi chake, namna anavyoita paka, jina alilokuwa akiitwa na bibi utotoni. Vyote vilikuwepo, vimepangwa, vina tarehe. Na kila nilipotaja kimoja kikapatikana nilihisi kitu kinanyofoka upande wa moyo. Watu husema mtoto hunyonya maziwa ya mama. Mimi sikuishia kwenye maziwa. Nilimla mama yangu kipande kipande, mkono leo, machozi kesho, nikamgawa kwa watu elfu arobaini, nikajisifu kwamba nampenda. Na kweli nilimpenda. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo, kwamba wakati wote ule nilikuwa nampenda.

Nikaishiwa. Nikageuka kumtazama.

Sijui nikuelezeje hili. Nilimtazama mama na mikono yangu ilikuwa mitupu. Sikuwa nimeinua kitu kati yetu. Aliweka bakuli chini, akafuta mdomo kwa ncha ya kanga, akatazama watu waliokuja kumzika, mmoja mmoja, bila haraka. Na katika kutazama kule nikaona kwamba yumo mtu. Nimeiandika sentensi hiyo mara nyingi na hainitoshi. Yumo mtu, ndani, nyuma ya macho yale madogo yenye ukungu wa uzee, anayewaza jambo ambalo sijui, kwa lugha ya moyoni ambayo sikufundishwa, na alikuwemo siku zote nilizomwambia ainue kidevu. Nimewahi kuona bahari, nimewahi kuona mlima wenye theluji, nimeviweka vyote Ukutani. Havikunifanya hivi. Mwanamke mkongwe anafuta uji mdomoni, nami nikatamani kuvua viatu.

Ukifikiri sana juu ya jambo hilo unaweza kuacha kutoka nje. Kila mtu kwenye jamvi lile alikuwa na mtu ndani! Bi Saumu, waoshaji, yule wa ubani. Tumepanga uso kwa uso Ukutani maili na maili, tukadhani tumeonana.

"Arafa," mama akaita. "Lete hayo maji."

"Maji gani, mama?"

"Si yale ya kuniosha? Naona wamekwisha changanya."

Waoshaji wakatazamana, kisha mmoja akaleta ndoo, maana marehemu akiomba maji nani atamnyima. Yalinukia majani ya mkunazi na karafuu maiti. Mama akakunja mikono ya gauni.

"Inama."

"Mama, maji ya maiti haya."

"Maji ni maji. Inama, mwanangu."

Akaniosha uso. Kope zilitoka kwanza, zikaelea juu ya maji kama mbu. Ikafuata poda. Chini ya poda kulikuwa na uso wangu wa Ramadhani, ule wa upole, akausugua ukatoka. Chini yake ule wa harusini. Chini yake ule wa kuonja vyakula, macho yamefumbwa. Kisha uso wa msiba niliokuwa nimeutayarisha kwa siku ile, haujatumika bado, nao ukadondoka ndoani mzima mzima. Niliogopa kwamba akiendelea hivyo atafika mwisho na kukuta hakuna kitu.

"Mama, pana chochote hapo?"

"Pana pua ya baba yako," akasema, na akanipangusa kwa kanga.

Nililia. Sikujua kulia kunakuwa na sauti mbaya namna ile.

"Hukupata jambo la kumwambia yule bwana," mama akasema polepole, ili wengine wasisikie, "kwa sababu hujaniuliza. Umeniambia nigeuke, umeniambia nirudie amina. Sina kinyongo, ndiyo dunia yenu. Lakini kuniuliza, hujaniuliza."

Basi nikamuuliza. Nilikuwa nimeona tangu utotoni kwamba kila alfajiri, akishamaliza kuswali na kuitikia amina ya mwisho, midomo yake hucheza kidogo tena, bila sauti, kisha ndipo hukunja mswala. Nilidhani ni pumzi. Nikamuuliza anasema nini.

Akanivuta sikio akaniambia.

Msomaji, najua umeinamisha kichwa. Kiinue. Hutalipata kwangu. Nitakupa umbo lake tu, kwa kuwa umenifuata mpaka hapa. Si dhambi, si hazina, si mpenzi wa zamani. Ni maneno machache, mafupi kuliko unayomwambia muuza mchicha, na ameyasema kila alfajiri tangu kabla sijazaliwa, kwa mtu asiyeweza kumjibu. Mimi nimo, lakini pembeni. Hilo ndilo lililoniduwaza, na likanifurahisha kwa furaha ambayo sikuwahi kuionja: kwamba maisha ya mama yangu hayakuanzia kwangu wala hayakunizunguka. Nilikuwa kama mtu aliyezaliwa na kukulia katika chumba kimoja, siku moja akavuta mlango aliodhani ni wa kabati, akakuta ua mpana, na kisima, na upepo.

"Bi Arafa," Bwana Faki akaita. "Maji yamekwisha tumika. Una neno au huna?"

"Ninalo."

Visomo vikakatika. Bwana Faki akatoa kalamu sikioni, na uso wake ukachangamka. Nadhani hakupenda kuzika wanywa uji. "Lisemwe, tuliandike, twende zetu."

Nilifungua kinywa. Kinywa kikiwa wazi vile, nikaona yote yatakavyokuwa. Nitasema, litaandikwa, mama atarudi kuwa hai. Kufikia alasiri litakuwa limeitikiwa amina elfu arobaini. Watalisema majikoni mwao, wataliandika kwenye vikombe, na alfajiri ya kesho midomo ya mama itacheza juu ya kitu kilichokwisha liwa. Hapo atakuwa amekwisha kweli, na hakuna tanzia itakayokuwa na kosa tena. Nikamtazama anikataze. Hakunikataza. Angenikataza ingekuwa rahisi. Alikuwa ameshalichukua bakuli lake, anakwangua uji uliogandia chini.

"Lipo," nikasema, "na silisemi."

"Lisiloonyeshwa halipo, Bi Arafa."

"Lipo."

"Sasa nitaandika nini?"

"Acha wazi."

Watu wakaguna. Tangu Ukuta uwe Ukuta hapajapata kuachwa mahali wazi. Bwana Faki akapekua kibao chake, akapekua tena, jasho likamtoka. Mwishowe akapata kifungu kilichokuwa kimeshika vumbi. "Asemaye lipo asilionyeshe," akasoma, "huondolewa Ukutani yeye na anachokificha. Nyuso zake zote. Na jina."

"Na mama?"

Akafikiri. "Tanzia itakuwa haina aliyeiweka. Tanzia isiyo na mwenyewe haina maiti." Kisha akanisogelea, akaongea kama binadamu. "Dada yangu, fikiri. Watu elfu arobaini. Hakuna atakayekujua. Hata mimi, nikishafuta, sitajua nilikuwa naongea na nani."

Usidhani sikuogopa. Niliupenda ule Ukuta. Nilikuwa na miaka kumi na minne ya maisha yangu pale, vicheko vyangu, sahani zangu, na siku nzuri ambazo sina kumbukumbu yake nyingine. Nilifikiria asubuhi itakayokuja, nimenawa uso na sina pa kuuweka.

"Futa," nikasema.

Akafuta. Sikusikia kishindo. Sehemu yangu ilizimika, kipande cha ukubwa wa mlango katikati ya mng'aro wote ule, na kupitia pale palipokuwa pangu nikaona upande wa pili. Kulikuwa na anga. Anga tupu, la buluu, linaendelea. Nilisimama nikalitazama kinywa wazi, na sikutaka kumwonyesha mtu. Jua likashtuka, likasogea, vivuli vikatoka chini ya nyayo za watu, na msikitini adhuhuri ikaadhiniwa.

Wakaanza kutawanyika, wakiulizana kwa nini walikuja. Jeneza tupu likabebwa, mabenchi yakakunjwa. Bwana Faki alinipita mlangoni akanipa salamu ya heshima anayopewa mtu asiyejulikana. Mmoja wa waoshaji akamwambia mama, "Kwaheri, bibi, ugua pole," akachukua ndoo yake.

Bi Saumu alikuwa wa mwisho. Alirudi kufuata sufuria yake, akanikuta nimesimama kizingitini, uso umeoshwa, macho mekundu. Alinitazama kwa muda. Amenijua tangu nilipokuwa natambaa.

"Samahani, bibie," akasema, "unamtaka nani humu?"

"Nakaa hapa."

"Hapa?" Akanikagua kuanzia juu mpaka chini, si kwa ubaya. "Mbona sura ngeni? Mtoto wa nani wewe?"

Nilitaka kumjibu, nikatafuta jina langu kinywani, nikakuta pamekauka.

"Wangu huyo, Saumu," mama akasema kutoka ndani. "Mpishe apite."